Mpungate wa Bibi Kabula

Shangazi yangu Desideria, wiki yake ya mwisho, hakuomba maji wala padri. Padri alikuja mwenyewe, maji tulimpa bila kuambiwa. Alichokuwa anaomba ni ugali. Majirani waliokuja kumjulia hali walifurahi, wakaninong'oneza mlangoni, "Yusti, mgonjwa akidai chakula ujue anarudi." Nikawaacha wafurahi, kwa sababu mimi nilijua ule ugali haukuwa wa kula. Alitaka niusonge mgumu, niuache upoe kidogo, halafu niukandamize kwenye kiganja chake cha kulia na kuubandua kwa mkupuo. Nikishabandua ananiuliza, "Vimetoka?" Namjibu vimetoka, shangazi. Anakigeuza kile kiganja kwenye mwanga wa dirisha, kiganja kikavu cha mwanamke aliyeshika jembe maisha yake yote, hakina hata mkwaruzo, halafu ananiambia, "Bado vimo. Songa mwingine." Tulimzika juzi. Nimekaa chumbani kwake nakunja nguo zake, na dirishani naona uzio wa mpungate ambao mwaka ule uliishia kwenye kijito na leo umefika barabarani, umemeza hadi kibao cha kituo cha basi.

Nitasimulia mwaka ule tu. Habari za ukoo wetu na nani alimzaa nani zinatugombanisha mpaka leo, tuziache zilale. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani mpaka nimechosha watu, nikapelekwa kwa shangazi aliyekuwa mjane asiye na mtoto, katika kijiji chetu kando ya barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Laela. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu. Sebuleni palikuwa na picha ya Mama Bikira Maria na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Mimi nililala stoo, baina ya magunia ya mahindi na kapu la migebuka mikavu iliyoletwa kutoka Kipili, na harufu ya samaki wale ilikaa kwenye nywele zangu hata kanisani. Ukuta kati ya stoo na sebule haukufika juu. Yeyote aliyeongea sebuleni aliongea na mimi pia, atake asitake, na karibu kila kitu nilichojua mwaka ule nilikijua kupitia ule ukuta.

Bibi Kabula na watu wake walikuwa wamehamia jirani yetu miaka michache kabla yangu, Wasukuma, na ng'ombe wengi kuliko sisi Wafipa tulivyozoea kuona. Wanaume wao walishinda malishoni, wengine walikuwa chini bondeni upande wa Ilemba na mifugo mingine, kwa hiyo pale nyumbani siku nyingi walibaki Bibi Kabula na mjukuu wake Ng'washi, msichana wa rika langu, mrefu, mwenye kucheka kabla hujamaliza kuongea. Bibi alikuwa na macho mekundu. Alipika kwa samadi kavu maisha yake yote, na yeyote aliyepika kwa samadi anajua ule moshi unafanya nini. Lakini mekundu yalikuwa, na watu waliyahesabu kuwa ni jambo.

Uzio ule aliupanda yeye. Mpungate mnaufahamu, vibapa vinene vya kijani vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine kama masikio. Upo ule wenye miiba mirefu ambayo hata ng'ombe mwenye njaa anaitafakari. Wa Bibi Kabula haukuwa hivyo. Ulionekana mpole, una madoa ya manjano tu, kila doa kama unga wa mahindi uliodondoka ukasahauliwa. Mjukuu wangu anayesoma Mbeya anasema asili yake ni majangwa ya ng'ambo, na kwamba kila doa ni mamia ya vijiiba vyembamba kuliko unywele, vyenye vindoana pembeni, vinaingia kwa kuguswa tu na kutoka vinakataa. Ameyasoma kwenye simu. Sisi tuliyasoma kwenye ngozi. Bibi alikuwa anayala matunda yake. Anayachuma kwa kijiti kilichopasuliwa, anayabingirisha vumbini, anayababua motoni hadi yanatoa sauti ya kupasuka, ndipo anayamenya. Watoto wa kijiji walichungulia wakakimbia kwao wakisema bibi Msukuma anakula miiba. Mimi nilikula pia, nikikaa na Ng'washi jikoni kwao. Tunda lina maji, lina utamu wa kujificha, na mbegu zake zinakwama kwenye meno. Nilipomwambia shangazi, alicheka akasema nikiota mkia nisimlilie.

Msidhani walikuwa maadui. Shangazi alikuwa anachukua samadi mbichi kwa Bibi Kabula ya kusiriba kiwanja cha kupuria ulezi, na kila akipika pombe alipeleka kibuyu kule ng'ambo ya uzio. "Shikamoo mama," anamwita kutoka kwenye kijia, na Bibi anajibu, "Marahaba mayu," kwa sababu ndivyo wanavyomwita kwao mwanamke wanayemheshimu. Walikaa wanateta juu ya wanaume, wote wawili wameshawazika wa kwao.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na upepo ambao hata wazee waliusema. Uwanda wetu ni mtupu, upepo ukitoka huko unakotoka haukutani na kitu mpaka mlangoni kwako. Ulezi ulikuwa umeshakatwa masuke na kulundikwa kiwanjani, unangoja siku ya kupura, na asubuhi moja tukakuta ng'ombe wawili wamelala pembeni mwa lundo, wamevimbiwa, wanacheua kwa raha zao. Shangazi hakupiga kelele. Alichukua panga, akaniambia nibebe kamba, tukaenda kwa Bibi Kabula.

"Mama, ng'ombe wako wamekula jasho langu."

"Nimesikia, mayu. Kijana aliwaacha. Wanaume wakirudi tutalipa ulezi kwa ulezi."

"Kulipa ni baadaye. Nataka miiba nizungushie kiwanja. Huku kwetu miti ya miiba mtu ataitoa wapi? Nipe hii yako."

Bibi Kabula alikuwa amekaa anatwanga tumbaku ya kunusa. Akaacha. "Huu si wa kuweka karibu na chakula," akasema. "Chukua nguzo, chukua kamba, nitamtuma Ng'washi akae kiwanjani alinde. Huu utawasumbua."

"Utanisumbua nini? Laini kama sikio la ng'ombe." Na shangazi akakishika kibapa kimoja kwa mkono mtupu kuonyesha, huyo ndiye alikuwa shangazi yangu, akaanza kukata. Bibi akasema tena, kwa sauti ya chini, "Mayu, mtalia." Nilimsikia mimi, alisikia Ng'washi, na alisikia Mama Skola, jirani yetu wa upande wa juu, aliyekuwa anapita na ndoo kichwani.

Tukazungushia. Tulipomaliza, lundo la ulezi lilikuwa katikati ya duara la mpungate, na ng'ombe hawakusogea tena. Shangazi alitembea siku nzima amenyanyua kidevu. Upepo ulivuma mfululizo hadi siku ya kupura, na vibapa vilivyokatwa vikaanza kusinyaa juani, yale madoa ya manjano yakapukutika. Niliona kwa macho yangu kibapa kimoja kimebaki kipara. Sikujiuliza yale manjano yamekwenda wapi, nani ajiulize kitu kama hicho.

Kupura kwetu ni kazi ya kualikana. Unapika pombe, watu wanakuja na fimbo zao, wanapura kwa kuimba, na wanawake wanapepeta kuelekea upepo unakokwenda. Mchana wa siku ile ulianza vizuri. Kufika saa tisa wanawake wakawa wanajikuna shingo. Tukasema ni makapi, makapi ya ulezi huwasha kila mwaka. Lakini makapi unayaoga yanakwisha. Jioni tulioga, na maji ndiyo yalizidisha. Mama mmoja alijifikicha jicho likavimba likafunga. Mimi nilihisi kama nimevaa blauzi ya sindano, na nikiangalia mkono sioni kitu. Hicho ndicho kilichotutisha. Mtu akichomwa mwiba huutafuta, akiuona hasira yake inapata mahali pa kukaa. Sisi tulichomwa na hewa.

Yangeishia hapo tungesahau. Lakini shangazi akatoa ulezi ule ule, akaloweka kimea, akapika pombe ya kuwashukuru watu kwa kazi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Ni pombe nene, haichujwi sana, inanywewa kwa kata. Watu wakanywa, na kesho yake nusu ya kijiji walikuwa wanakohoa na kushika koo, wanasema kuna kitu kimesimama hapa, hakimezeki hakitemeki. Mzee Ladisla, aliyekuwa na kifua tangu zamani na ambaye tulishamzoea na kikohozi chake, aliingia ndani akalala, na kabla ya Jumapili akafariki. Nilikuwa stoo niliposikia Mama Skola anamletea shangazi habari. Alisema alichokuja kusema, kisha akavuta kiti karibu, nikasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu.

"Deside, mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Alikwambia mtalia."

"Alisema maneno yake tu."

"Haya, mmelia au hamjalia? Na wa kwao mbona hakuwashwa hata mmoja?"

"Hawakuja kupura."

"Ndiyo nakwambia. Kwa nini hawakuja?"

Hawakuja kwa sababu hawakualikwa, shangazi alikuwa bado ana kinyongo cha ng'ombe. Nilingoja aseme hilo. Badala yake akamkaribisha Mama Skola chai. Tangu siku ile nikaanza kuogopa. Sikuogopa uchawi. Niliogopa namna watu walivyokuwa wanaacha kuongea Ng'washi akifika kisimani.

Mkono wa shangazi, ule uliokishika kibapa, ulivimba ukawa hauwezi kushika kijiko. Alipoona uvimbe haupungui, akajifunga kanga akavuka uzio mchana, akaniambia nimfuate. Bibi Kabula hakumwuliza kitu. Alimwambia Ng'washi asonge ugali mgumu sana, akauacha upoe, akamkalisha shangazi mlangoni penye jua, akaukandamiza ule ugali kiganjani na kuubandua. Akaugeuza tuone. Ndani ya ugali mweupe palikuwa na nywele za manjano, nyingi, fupi, zimesimama. Shangazi aliziangalia nami nikaziangalia, na najua aliziona kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu aliyeishiwa nguvu, "Kumbe ni haya matawi." Bibi akasema, "Ndiyo haya." Hakusema nilikwambia. Akaendelea, kiganja, vidole, katikati ya vidole, huku akiimba kidogo kidogo kwa Kisukuma kama anavyofanya mtu anayefanya kazi ya kuchosha, na kila tonge likishatumika anaweka kwenye bakuli aliloshikilia Ng'washi, likijaa analimwaga motoni ili kuku wasije wakadonoa. Tulipoinua macho, Mama Skola alikuwa amesimama kwenye kijia. Sijui alikaa pale muda gani. Aliona mwanamke mwenye macho mekundu anaimba kwa lugha asiyoijua, anapaka ugali kwenye mkono wa mgonjwa na kuutupa motoni, na mgonjwa anakunja vidole na kukunjua, amepona.

Kwetu wanasema anayejua kufungua ndiye aliyefunga. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, na nalichukia.

Mkutano uliitishwa nje ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, Balozi Wensi, mtu ambaye siku nyingine alikuwa mpole na mwenye mzaha. Bibi Kabula aliletwa akakaa kwenye kigoda, Ng'washi nyuma yake. Wanaume wao walikuwa hawajarudi kutoka bondeni, na nadhani siku ilichaguliwa kwa sababu hiyo. Balozi alimwuliza kama ni kweli alisema watalia. Akasema ni kweli. Akamwuliza kama alijua ulezi utadhuru watu. "Nilijua, ndiyo maana nilimkataza." Akamwuliza kama dawa ya kuutoa anaijua. "Naijua, mmea ni wangu." Kila jibu lilikuwa la kweli na kila jibu lilimzika. Nilikuwa namwangalia natamani adanganye japo mara moja.

Nikasimama. Nikasema ni matawi aliyozungushia shangazi yaliyomwaga vijiiba kwenye ulezi, upepo ulivipeperusha, niliviona kwenye ugali. Balozi akaniuliza viko wapi. Nikasema bibi alivitupa motoni. Watu wakacheka, lakini si cheko la kufurahi. Nikasema basi twendeni kwenye uzio mkaguse wenyewe, na kijana mmoja akajibu ni nani atagusa mti wa mchawi, wewe gusa ulogwe peke yako. Ndipo Balozi akamgeukia shangazi. "Deside, huyu ni mtoto. Mkono ni wako. Uliona miiba?"

Nimekirudia kitambo kile mara nyingi kuliko sala zangu. Shangazi alikiangalia kiganja chake. Halafu akamwangalia mjane wa Mzee Ladisla, aliyekaa chini na wanawe wanne wa kiume nyuma yake, wamesimama, mikono kifuani. Nilielewa anachokihesabu. Matawi aliyakata yeye, ulezi ni wake, pombe aliipika na kuigawa kwa mkono wake. Akisema aliona, maiti ile inahamia kwake, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, na mwenye kukaa kwenye kile kigoda angekuwa yeye. Na bado nilikuwa na uhakika atasema. Nilimpenda kiasi hicho.

"Macho yangu si mazuri," akasema. "Niliwashwa, nikapona. Sikuona kitu."

Bibi Kabula alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Waliamriwa waondoke kabla jua halijazama. Ng'washi alifunga mizigo peke yake, mimi nilizuiwa mlangoni, shangazi alinishika blauzi kwa mkono ule ule uliopona. Walitoka na ng'ombe wachache waliokuwapo, wakashika njia ya kushuka ukingoni kuelekea Ilemba. Nyuma yao walitembea vijana wenye fimbo, wanaitwa wasindikizaji. Bibi alikuwa haoni vizuri jua likiwa machoni. Baada ya muda mfanyabiashara wa mahindi aliyetoka Laela alituambia yule bibi hakufika bondeni, aliteleza kwenye mteremko, wakamzika hapo hapo kando ya njia. Aliteleza, au vipi, hakuna aliyesema na hakuna aliyeuliza. Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, akaingia jikoni, akakaa gizani bila kuwasha moto. Tulilala na njaa.

Mimi niliondoka mwaka ule ule, nikaolewa mjini. Nilimtembelea, nilimletea sukari na vitenge, lakini jambo lile halikuzungumzwa tena. Kijiji kilisahau, kilishapata mambo mengine. Uzio ndio haukusahau. Kibapa cha mpungate kikianguka chini kinaota, hakihitaji mtu, na shangazi alikataa katakata usikatwe. Watu wa barabara walipokuja na mapanga aliwafukuza, mama mzima na fimbo yake. Ulezi hakulima tena, alisema ardhi imechoka.

Juzi kwenye mazishi, jeneza likiwa bado sebuleni, akaingia mwanamke mrefu mwenye mvi, amefunga kitenge cha bluu, amefika na basi. Nilimjua kwa kimo. Alisalimia wafiwa wote mmoja mmoja, akatoa rambirambi, akafika kwangu tukashikana. Mama Skola, ambaye sasa ni ajuza wa kubebwa, aligeuza uso ukutani. Niliogopa, lazima niseme. Nilifikiri amekuja kuyasema yote mbele ya jeneza, na sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inamwomba aseme. Hakusema. Alikwenda kaburini, akatupa udongo wake kama wengine, ndipo tukakaa jikoni wawili, kwenye mkeka, sahani ya wali katikati yetu.

"Nilisikia anaumwa nikasema nije akiwa hai," akaniambia. "Nimechelewa siku moja. Nilitaka kumwuliza kitu kimoja tu. Aliwahi kusema kwamba aliviona, Yusti? Hata kwako?"

Nikamwambia hakusema. Nikamweleza habari ya ugali, wiki nzima, kiganja cha kulia, vimetoka, bado vimo, songa mwingine. Nilimweleza kwamba asubuhi aliyokufa nilikuwa nimeshausonga, uko unapoa dirishani. Ng'washi aliacha kula. Akatazama nje, ambako mpungate umekula kijia chote alichokuwa anapita bibi yake, mrefu kuliko paa, umejaa matunda ambayo hakuna anayeyachuma.

"Bibi alivitoa vyote," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika bakuli. Hakubakiza hata kimoja."